Vijumba vyeusi kwenye unga mweupe: mwongozo wa kuchunguza uzazi wa kijinsia wa ubwiri unga kwenye kojeti na maboga

Mara ya kwanza nilipoamini nimevipata vijumba vya uzazi vya ubwiri unga, ule ugonjwa wa kuvu unaofunika majani kwa unga mweupe, nilikuwa nimechutama kwenye robo ekari yangu ya kojeti huko Bahati, Nakuru, lenzi jichoni, pua karibu iguse jani. Katikati ya ule unga mweupe palikuwa na vidoti vya kahawia, vingi, kama pilipili manga iliyomwagikia ugali. Nikamwita jirani. Akachungulia, akanirudishia lenzi.

"Mwalimu, hii si choo ya wadudu?"

Mimi si mwalimu, ni fundi wa maabara shuleni, ila hapa kwetu yeyote anayefunguliwa geti la shule kila asubuhi ni mwalimu. Nikamwambia asubiri. Jioni nililiweka jani chini ya hadubini, na kumbe sote wawili tulikuwa tumekosea. Haikuwa choo ya wadudu, wala havikuwa vijumba vya uzazi nilivyokuwa nikivitafuta. Ilikuwa kuvu nyingine kabisa, inayoitafuna kuvu ya ubwiri unga ingali hai. Nitairudia mbele, maana ndiyo inayowapoteza wengi.

Mwongozo huu ni wa mkulima, mwanafunzi au afisa wa kilimo anayetaka kujua jambo moja: ubwiri unga ulioko shambani mwake unazaa kijinsia, au unajinakili tu? Linaonekana swali la wasomi. Lakini jibu lake linagusa pesa ya dawa, na linaamua kama yale majani makavu uliyoyarundika pembeni mwa shamba ni takataka au ni ghala la ugonjwa.

Kuvu hii huzaaje

Ubwiri unga wa jamii ya maboga (kojeti, malenge, bataniti, tango, tikiti) huletwa hasa na kuvu za aina mbili. Ya kwanza ni Podosphaera xanthii, ambayo vitabu vya zamani viliiita Sphaerotheca fuliginea. Ya pili ni ya jenasi ya Golovinomyces, ambayo zamani iliwekwa chini ya jina Erysiphe cichoracearum. Kwa macho matupu huwezi kuzitofautisha, unga ni uleule. Zote mbili huishi juu ya mmea ulio hai tu. Huwezi kuzifuga kwenye mkate uliolala wala kwenye sahani ya agari (ile jeli ya maabara ya kuoteshea kuvu), na hilo litatutesa kidogo tutakapofika kwenye jaribio. Nyuzi zake hutambaa juu ya ngozi ya jani na kuingiza vinyonyeo ndani ya seli.

Uzazi wao wa kila siku hauna ndoa. Uzi mmoja husimama wima, ukajikata vipande kama shanga zilizotungwa, na kila shanga ni mbegu inayojitegemea iitwayo konidia. Ule unga mweupe unaoushika kidoleni ndio huo, maelfu ya konidia. Ni kama tunavyopanda viazi vitamu: unakata rando kwa jirani, unachomeka kwako, na ulichonacho ni kiazi kilekile cha jirani, hakijabadilika hata kidogo. Kuanzia konidia kutua mpaka doa jipya kuonekana huchukua siku 3 hadi 7. Konidia hazihitaji tone la maji ili zichipuke, na mvua kubwa huzisumbua zaidi kuliko kuzisaidia. Ndiyo sababu ugonjwa huu hupamba moto siku kavu zenye usiku wa unyevunyevu, wakati mkulima anadhani magonjwa ya ukungu yamekwisha na mvua.

Uzazi wa pili ndio wenye ndoa, na masharti yake Mluo au Mluhya atayaelewa haraka kuliko mtu mwingine. Kijana akileta mchumba nyumbani, swali la kwanza la wazee ni: wa ukoo gani? Wa ukoo mmoja hawaoani. Kuvu hizi nazo zina koo mbili, ambazo wanasayansi wanaziandika MAT1-1 na MAT1-2. Si dume na jike. Kundi moja la kuvu linaweza kutoa kiungo cha kike na cha kiume kwa pamoja, lakini haliwezi kujioa lenyewe wala kuoa wa ukoo wake. Lazima likutane na wa ukoo wa pili, juu ya jani lilelile, nyuzi zikigusana. Kwa Podosphaera ya maboga jambo hili lilionyeshwa mwaka 1994 na Margaret McGrath wa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, kwa kuzioanisha kuvu mbilimbili na kutazama ni zipi zinazaa na zipi zinabaki tasa.

Zikikubaliana, viungo viwili huungana na kiini cha mmoja huingia kwa mwenzake. Kinachojengwa hapo ni kijumba cha mviringo chenye ukuta mgumu. Jina lake la kitaalamu ni kasmotesia, ingawa vitabu vya zamani huandika kleistotesia. Kijumba huanza kikiwa na rangi ya njano, kikawa cha machungwa, kahawia, kisha karibu cheusi. Ndani yake kuna mfuko au mifuko (askasi), na ndani ya mfuko viini vya wazazi wawili huungana, hugawanyika na kuchanganya urithi, ndipo zinapopatikana askospora. Hizo si marando tena. Ni mbegu za mahindi yaliyochavushwa: kila moja na tabia zake.

Kijumba kikilowa sawasawa hufyonza maji, hupasuka, na mfuko hurusha spora zake hewani. Angalia kinyume chake: konidia hupenda ukavu, kijumba husubiri maji.

Katika nchi za theluji, kijumba ni njia ya kuvuka miezi isiyo na jani hai hata moja. Na hata huko hakitegemewi sana na ubwiri wa maboga. Kaskazini mwa Marekani inaaminika kwamba sehemu kubwa ya ugonjwa huletwa kila msimu na konidia zinazopeperushwa kutoka majimbo ya kusini yenye joto. Kwetu, ambako malenge ya mama yanatambaa kwenye ua mwaka mzima na kojeti inapandwa kila inapopatikana maji, kuvu haina baridi ya kukimbia. Inaruka tu kutoka shamba la huyu kwenda la yule. Kwa hiyo usianze kazi hii ukitarajia kukuta vijumba kila mahali. Nchi nyingi zenye joto huvipata kwa nadra. Na hilo ni heri kwetu, kama utakavyoona tukifika kwenye dawa.

Vifaa

Lenzi ya mkononi inayokuza mara 10. Ya mara 20 ni bora. Selotepu inayoona. Bahasha za kaki. Kalamu ya risasi, kwa sababu wino utayeyuka siku bahasha ikilowa. Kwa hatua za hadubini: slaidi, vifuniko vyake vyembamba, maji safi, na hadubini ya kawaida ya shule ya sekondari inayofika mara 400. Ukitaka kutambua kuvu kwa konidia zake utahitaji potasiamu haidroksaidi ya asilimia 3, yaani gramu 3 kwenye mililita 100 za maji. Hiyo inachoma ngozi na macho. Vaa glavu, na usiichanganye mezani ambapo watoto wanakula.

Usibebe majani kwenye mfuko wa plastiki. Yatatoka jasho, yaoze, na utatumia jioni nzima kutazama kuvu za uozo.

Hatua ya kwanza: kuchagua jani

Wengi hukosea hapa, mimi nikiwa wa kwanza. Tunachuma jani lenye unga mwingi mpya, mweupe pepe, kwa sababu linavutia. Hilo ni jani la konidia. Vijumba hutokea ugonjwa ukiwa umezeeka: majani ya chini, yaliyojifunika kivuli, ambayo unga wake umeanza kuwa wa kijivu au kahawia na kuonekana mchafu. Nenda kwenye mimea iliyo karibu kuacha kuzaa. Kama una shamba ambalo umeshalikatia tamaa na unangoja kuling'oa, anza hapo. Tazama pande zote mbili za jani, pia kikonyo na shina.

Mahali pazuri zaidi ni pale ambapo mabaka mawili yaliyoanza mbalimbali yamekua mpaka yakakutana. Kumbuka habari ya koo. Doa lililo peke yake katikati ya jani safi huenda lilitoka kwenye konidia moja, na konidia moja haina wa kuoana naye. Kwenye mpaka wa mabaka mawili ndipo penye uwezekano wa posa. Mimi hufuata ule mpaka kwa lenzi kama mtu anayetafuta sindano kwenye mkeka, sentimita kwa sentimita.

Chuma jani mchana umande ukishakauka. Kila jani bahasha yake, na juu yake andika tarehe, zao, mahali, na kama ni la juu au la chini.

Hatua ya pili: lenzi

Simama jua likiwa begani. Lenzi ikae karibu kabisa na jicho, kisha ulete jani kwenye lenzi. Usipeleke lenzi kwenye jani kama wapelelezi wa sinema. Kasmotesia ina upana wa takriban sehemu ya kumi ya milimita, kwa hiyo kwa macho utaona tu vumbi jeusi. Kwa lenzi utaona duara kamili, ngumu, limelala juu ya nyuzi nyeupe kama yai kwenye pamba. Ukibahatika utaona rangi zote kwa pamoja, njano, machungwa na nyeusi, zikiwa jirani. Rangi zikiwa hivyo, matumaini ni makubwa, kwa sababu uchafu haukomai.

Vidoti vinavyofanana na kijumba ni hivi. Choo ya thripsi (wadudu wadogo wanaofyonza majani) ni vidonge vyeusi vinavyong'aa, havina umbo moja, na kando yake jani limepauka kama limepigwa msasa. Vumbi la barabara hutoka ukipuliza. Mayai ya utitiri yanapitisha mwanga.

Na kuna Ampelomyces, ile iliyonitia aibu mbele ya jirani. Ni kuvu inayoingia ndani ya nyuzi za ubwiri unga na kuziua kutoka ndani, kisha hujenga vijumba vyake, piknidia, humohumo ndani ya miguu iliyopaswa kubeba konidia. Kwa lenzi ya mara 10 utaapa kwamba ni kasmotesia changa. Dalili inayoisaliti ni umbo: piknidia ni ya kurefuka kidogo, kama tende au pea, ya kahawia isiyofikia weusi, na mara nyingi imesimama badala ya kulala. Eneo zima linalobebwa nayo huonekana limesinyaa na kuwa la kijivu. Ukiikuta, usisikitike. Ni rafiki wa mkulima, na katika nchi kadhaa inauzwa kama dawa ya kibiolojia.

Hatua ya tatu: kukipasua kijumba

Hapa ndipo ubishi unapoisha. Bandika selotepu juu ya vidoti, ibandue taratibu, kisha ibandike kwenye slaidi juu ya tone la maji. Au chukua ncha ya sindano iliyolowa, kigonge kijumba kimoja mpaka kinase, ukiweke kwenye tone, na ufunike. Anza na mara 100. Utaona duara la kahawia lenye ukuta wa vigae vigae kama gamba la kobe, na nyuzi zilizolegea zikining'inia kutoka upande wa chini.

Sasa chukua penseli yenye raba upande wa nyuma. Ukiwa bado unatazama, gusa kifuniko kwa raba, ukandamize kidogo kidogo. Kuna sekunde ambayo hakuna kinachotokea. Kisha ukuta hupasuka upande mmoja kama ganda la kunde, na mfuko mweupe unaong'aa huteleza nje, mzima, spora zikionekana ndani yake kama maharagwe kwenye soksi. Nimewaonyesha wanafunzi jambo hili mara nyingi kwa ubwiri wa mimea mingine, na hakuna darasa ambalo halijapiga kelele.

Hesabu. Kijumba kilichotoa mfuko mmoja tu, wa mviringo, wenye spora 8, ni cha Podosphaera. Kilichotoa mifuko mingi, kila mmoja na spora 2 kwa kawaida, ni cha Golovinomyces. Kilichotoa mamia ya vimbegu vidogo mno vinavyomiminika kama maziwa ni piknidia ya Ampelomyces, karibu kwenye chama. Mfuko ukitoka bila spora zinazoonekana, kijumba hakijakomaa. Rudi shambani baada ya wiki.

Usipopata kijumba: tambua kuvu kwa konidia

Mara nyingi utabaki na unga tu. Hata hivyo unaweza kujua ni kuvu ipi. Gusa unga mbichi kwa selotepu, uubandike kwenye tone la ile haidroksaidi ya asilimia 3, utazame kwa mara 400. Konidia za Podosphaera xanthii zina vijiti na vipembe vidogo vinavyometa ndani yake, viitwavyo chembe za fibrosini. Za Golovinomyces hazina. Tumia unga wa siku hiyohiyo, kwa kuwa kwenye jani lililokauka chembe hizo hazionekani vizuri. Podosphaera hustahimili joto zaidi na Golovinomyces hupenda ubaridi, hivyo kama unakusanya majani ya Kano, kule kwenye joto karibu na Kisumu, na ya Molo, kule kwenye baridi, kwa wakati mmoja, usiyachanganye kwenye bahasha moja.

Jaribio la kuoanisha

Hili ni la shule, chuo, au mkulima mwenye subira ya ajabu. Lengo ni kujua kama koo zote mbili ziko kwenye eneo lenu, hata kama vijumba havionekani shambani.

Otesha kojeti kwenye vikopo vya yogati, mbali na shamba lolote lenye ugonjwa. Kila kikopo kifunike kwa chupa ya soda ya lita 2 iliyokatwa kitako, mdomo wake ukizibwa kwa pamba ili hewa ipite na konidia za nje zisipite. Usiweke kwenye jua kali, chupa zitapika miche. Joto la nyuzi 20 hadi 25 linatosha.

Tafuta madoa manne yaliyo peke yake, kutoka mashamba tofauti ikiwezekana. Hizo ndizo kuvu zako, A, B, C na D. Kwa unywele mmoja wa brashi, beba mnyororo mmoja wa konidia kutoka doa moja hadi kwenye jani la mche safi. Doa likitokea, rudia kwa mche mpya. Fanya hivyo mara tatu kwa kila kuvu, ndipo uwe na hakika kwamba ndani ya kila chupa kuna ukoo mmoja usiochanganyika. Kuvu haikubali kulala kwenye friji ikisubiri likizo iishe, lazima ihamishiwe mche mpya kila baada ya wiki mbili hivi. Nimewahi kupoteza A na C kwa sababu ya mapumziko ya katikati ya muhula. Funguo za maabara zilikuwa na mtu mwingine, na miche ikakauka.

Kisha oanisha. Kuvu nne zinatoa jozi 6: AB, AC, AD, BC, BD, CD. Ongeza vikopo 4 vya kila kuvu ikiwa peke yake, jumla 10. Kwa kila jozi, gusisha kuvu ya kwanza upande mmoja wa jani na ya pili upande wa pili, zikue zikutane katikati. Kuanzia wiki ya pili tazama mstari wa makutano kwa lenzi kila siku mbili.

Kusoma majibu ni kama kusoma ukoo. Tuseme AB imezaa na AC haijazaa. A na B ni koo mbili tofauti, A na C huenda ni ukoo mmoja, basi BC nayo inapaswa kuzaa. Isipozaa, ama jani lilikufa kabla ya wakati au uliharibu usafi wa chupa. Rudia. Kikopo cha kuvu iliyo peke yake kikitoa vijumba, hukubeba ukoo mmoja, ulibeba wawili. Jozi zote zikibaki tasa huku majani yakiwa hai na unga ukiwa mwingi, inawezekana kuvu zako zote ni za ukoo mmoja. Panua eneo la kukusanya, toka wadi moja uende nyingine.

Ukimaliza, mimina maji yanayochemka kwenye kila kikopo kabla ya kukitoa chumbani. Umetengeneza mchanganyiko ambao huenda haukuwepo kijijini, usiwe wewe wa kuupeleka.

Kwa nini jambo hili limhusu mwenye pampu ya dawa

Fikiria kuvu moja imezoea dawa za kundi la triazoli, nyingine imezoea kundi jingine. Zikiwa zinajinakili tu, kila moja ina udhaifu wake na mkulima anayebadilisha makundi anaweza kuzibana zote. Zikioana, mtoto mmojawapo anaweza kurithi ukinzani wa pande zote mbili, na mwingine akarithi uwezo wa kushambulia aina ya mbegu iliyouzwa kama sugu. Aina sugu huvunjwa hata bila ndoa. Huko Imperial Valley, California, katika miaka ya 1930, tikiti la PMR 45 lililotolewa kwa sifa ya kustahimili ubwiri unga lilipata kizazi kipya cha kuvu kinacholimudu baada ya miaka michache tu. Ndoa huongeza kasi ya karata kuchanganywa.

Kuna jambo moja la kipekee linalonifurahisha. Ukinzani dhidi ya strobilurini, kundi jingine la dawa za kuvu, kama azoxystrobin mara nyingi hutokana na badiliko moja tu, lijulikanalo kama G143A, kwenye jeni la mitokondria, vile viwanda vya nishati ndani ya seli. Mitokondria hairithiwi kwa kuchanganywa. Kwa ubwiri wa ngano imeonekana kwamba watoto wote wa kijumba huichukua kutoka kwa mzazi mmoja. Kwa hiyo hapo ndoa haigawi nusu kwa nusu. Ama watoto wote ni sugu, ama wote si sugu.

Basi soma mkebe, si jina lililochorwa mbele, bali kiambato na namba ya kundi. Kundi 3 ni triazoli, 11 ni strobilurini, 7 ni lile jamaa jipya la SDHI, M02 ni salfa. Msimu mmoja nilinunua mikebe miwili kwenye agroveti moja, ya rangi tofauti na bei tofauti, nikaambiwa nibadilishane kila wiki. Nilibadilishana kwa uaminifu. Ubwiri ukazidi. Niliposoma maandishi madogo, yote mawili yalikuwa azoxystrobin. Nilikuwa nabadilisha karatasi. Hakikisha pia mkebe una namba ya usajili ya PCPB, bodi ya Kenya inayosimamia dawa za mimea, na zao lako limetajwa.

Salfa na potasiamu baikaboneti hugusa kuvu mahali pengi kwa pamoja, ukinzani dhidi yake si rahisi, na ndizo ninazoanza nazo. Salfa usiipige kukiwa na joto la zaidi ya nyuzi 30, itaunguza majani. Kano mchana isahau, piga alfajiri au jioni. Maziwa pia yana ushahidi: mwaka 1999 Wagner Bettiol wa Brazili alionyesha kwamba maziwa ya ng'ombe yaliyochanganywa na maji, kuanzia asilimia 10, yanazuia ubwiri kwenye kojeti ndani ya grinihausi. Lita moja kwa tisa za maji. Nimeyatumia. Yanafanya kazi kabla ugonjwa haujashika, na shamba linanuka mala.

Na kama majani ya malenge unayachuma ya mboga, iwe susa, risosa au seveve, hesabu siku za kusubiri zilizoandikwa kwenye mkebe kwa ajili ya jani, si kwa ajili ya tunda. Mimi mistari ya mboga siipigi dawa ya kundi lolote. Naitenga.

Shamba lenyewe

Vunja daraja linaloivusha kuvu kutoka zao kuukuu hadi jipya. Kojeti ikishachoka, ing'oe wiki hiyohiyo. Usiiache ikilea kuvu huku miche mipya ikichipuka hatua kumi pembeni. Konidia hazikai hai siku nyingi nje ya mmea, kijumba ndicho chenye subira. Kwa hiyo ukipata hata kijumba kimoja, masalia ya shamba hilo yafukiwe kwa kina au yaingie kwenye mboji inayopata moto kwelikweli, wala yasitandazwe kama matandazo ya zao la jamii ileile. Malenge yanayojiotea kwenye jalala nayo yang'olewe au yachunguzwe.

Panga mashamba kwa upepo. Konidia huruka zaidi mchana. Nyumbani kwa mama, upande wa Ahero, upepo wa alasiri hutoka ziwani. Miche mipya inakaa upande wa ziwa, mizee upande wa bara, ili upepo uchukue unga na kuupeleka mbali na watoto. Huku kwangu Bahati, upepo wa kutegemea namna hiyo sina, ilibidi nitundike utepe wa mfuko kwenye mti na kuutazama wiki mbili.

Majani yenye vijumba yahifadhi makavu ndani ya bahasha, mahali penye kivuli, mpaka mvua zinapokaribia. Hapo kata kipande, kilowe maji usiku mmoja, kisha kitundike juu ya mche safi ndani ya chupa, na ukizungushie kizuizi konidia za nje zisiingie. Madoa yakitokea, una askospora hai. Ukishindwa kusoma unachokiona, Njoro kuna Chuo Kikuu cha Egerton na kituo cha KALRO, shirika la utafiti wa kilimo na mifugo, na upande wa Kisumu kuna Chuo Kikuu cha Maseno. Nenda na bahasha, si picha ya simu.

Andika juu ya bahasha kwa herufi kubwa ni nini. Moja niliisahau Ahero kwenye kabati la vyombo. Wiki iliyofuata mama alinipigia simu kuuliza ile dawa ya majani makavu inachemshwa kwa dakika ngapi.